Salehe na Mvuke wa Matangi Manne

Katika viwanda vyote vya nguo hapa Thika hakuna aliyegawa mvuke kama Salehe. Anayebisha kwa kuwa shati lake lilichuja rangi, basi shati hilo lilitiwa rangi siku ambayo Salehe alikuwa likizo. Boila, tanuri la kuchemshia maji kwa kuni, ilikuwa moja, matangi ya rangi manne, na mvuke nao hautulii: saa mbili umejaa, saa nne umekonda kama mchuzi wa mwisho wa mwezi. Salehe aliweka kiganja karibu na bomba, akainamisha sikio, akasema, "La pili lingoje, la nne lipate." Miaka kumi na saba hakukosea.

Mwaka wa tisini na nne Amrik, mwenye kiwanda, akaleta kompyuta ya kugawa mvuke, na mpwa wake Rajiv wa kuifundisha. Rajiv akafungua daftari. "Mzee, kuni iko kavu na matangi yote iko kazi, nani anapata kwanza?"

Mwulize jogoo kama anajua kuwika. Salehe akajibu, akaongeza na ambayo hakuulizwa. Kwa wiki tatu alimwaga karibu yote, na kila neno likaingia kwenye kompyuta likawa sheria: ikiwa hivi, fanya vile.

Mkewe Ruqayya ndiye aliyemzindua, nyumbani kwao Mugutha. "Baba Farhiya, hicho chombo kikishajua yote, wewe watakuweka wa nini?"

"Bila mimi hakiwezi."

"Kumbe bado hujawamalizia."

Salehe akanawa mikono kabla ugali haujaisha. Kesho yake akabana sheria moja tu iliyobaki: kuni zikilowa, mvuke hubeba maji, na tangi la nne, lililo mwisho wa bomba refu, halifunguliwi mpaka maji hayo yatolewe, la sivyo bomba hupasuka. Rajiv alipouliza habari ya mvua, akajibu, "Mvua ni mvua tu, kijana." Kazi yake yote ikawa inaning'inia hapo.

Aprili mvua ikapiga siku nne. Kuni zikaletwa zikichuruzika, na kompyuta, ambayo sasa ndiyo iliyogawa badala ya Salehe, ikatoa karatasi: tangi la nne, fungua. Amrik alikuja kujionea mwenyewe inavyofanya kazi. Salehe akajua kwamba bomba likipasuka, karatasi itaaibika na yeye atabembelezwa arudi kugawa. Lakini chini ya bomba alikuwa Ndinda, kibarua wa tangi la nne, anageuza vitambaa kwa mti, anaimba wimbo wa kanisani.

Mtu wa zamu akazungusha vali ya tangi la nne. Bomba likaanza kugonga.

"Funga," Salehe akapaza sauti. "Toa maji kwanza."

Wakafunga. Yakatoka ndoo mbili. Ndinda hata hakugeuka.

"Hii umejua toka lini?" Amrik akauliza.

"Toka zamani."

"Na Rajiv aliuliza?"

"Aliuliza."

Amrik akaondoka. Rajiv akavuta kiti. "Sema pole pole, mzee, niandike."

Salehe akaeleza, tena vizuri kuliko siku zote, mpaka dakika za kungoja.

"Iko ingine?"

Akapekua kichwani, akapekua tena. "Hakuna."

Karatasi mpya ikatoka. Mtu wa zamu akaisoma, akaenda kwenye bomba, akampita Salehe pale aliposimama.