Mfupa wa Paja Tuliokula Kwanza

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Shule niliishia darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi, na kuandika kunanichukua muda.

Ninakata nyama kwenye bucha ya mbuzi, mtaa wa Sharpstown, huku ughaibuni. Wateja wakinisemesha nainamisha kichwa, nakata. Dada yangu mkubwa, tunayemwita yaya, anasomea kazi ya kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alikuwa amefeli mtihani wa mfupa wa paja. Angerudia mara moja tu, na akifeli tena aondoke chuoni. Alikariri michoro mpaka akaichukia.

Nikamletea mguu wa mbuzi aushike mfupa wenyewe. Mama, bila kuuliza, akaupika na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Tulipokumbuka, mfupa ulikuwa mtupu kama kijiko kilicholambwa, na ncha yake ya juu tumeshaivunja tupate uboho. Kwetu mfupa hautoki mezani na nyama.

Yaya akatutazama mmoja mmoja. "Mmekula kitabu changu."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili baada ya misa nikaleta mguu mwingine, nikafunga mlango wa jikoni. Yaya aliogopa kisu, basi nikakata mimi, yeye akishika mfupa. Nikamwonyesha kile mkono wangu unachokijua. Mbele mfupa ni laini, kisu kinateleza na nyama inaachia yenyewe. Nyuma kuna ukingo mrefu unaokwaruza kidole, na hapo nyama inang'ang'ania mpaka uikwangue. Juu, upande wa nje, kuna nundu kubwa iliyoshikwa na kano nene. Upande wa ndani iko nundu nyingine, ndogo. Kila nilipofika, yaya alitaja msuli wa hapo: huu wa nyonga, huu wa kuinua paja, huu wa kurudisha mapaja pamoja. Akaniambia ukingo ule upo kwa sababu misuli mingi inauvuta. Miaka yote nilidhani umewekwa kunichosha tu.

Kisha akanisimamisha, akabonyeza ubavu wa paja langu mpaka akaipata nundu ile ile.

"Kumbe na wewe unayo."

"Bonyeza taratibu, mimi siuzwi kwa kilo."

Siku ya mtihani aliambiwa amguse mwanafunzi mwenzake, aonyeshe kila msuli unashika wapi. Hakukosea hata mmoja. Mwalimu akamuuliza amejifunzia wapi. Akajibu kuwa amefundishwa na mdogo wake, anayekata nyama.

Aliyasema hayo tena nyumbani, mbele ya wageni, nami nikakimbilia jikoni. Lakini kesho yake mteja alipoomba paja, niliinua kichwa, nikamuuliza mimi mwenyewe kama analitaka na mfupa au bila mfupa.

Ukingo ule wa nyuma una jina la kitabuni, lakini kwa lugha yetu ya buchani hauna jina. Kama kwenu unalo, niandikieni. Yaya ameacha mstari mtupu wa jina hilo kwenye daftari lake, na mimi nitasoma polepole, lakini nitajibu.