Tofauti na Watu Wake

Je, yule daktari aliiamini sentensi aliyoiandika juu yangu, au aliiandika kwa sababu tu aliwajua watakaoisoma? Tangu siku zile chuo kikuu kimenipa shahada na nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe, lakini jibu sijalipata. Kama aliiamini, basi nilifanya kazi chini ya mtu aliyenidharau huku akinimiminia chai. Kama hakuiamini, aliuza heshima ya watu wangu ili aninunulie nafasi, kisha akategemea nimshukuru. Sijui ni lipi kati ya hayo linalonikasirisha zaidi.

Ilikuwa Garissa, katikati ya vita ambavyo serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikawa mkalimani hospitalini. Nilitaka udaktari, wala sikuwa na ndoto ya akiba. Chuo kilikuwa Kampala, na ili ufike Kampala ulipaswa kwanza kuvuka Kenya, kama tulivyosema sisi Wasomali wa huko, kana kwamba tulikuwa nchi nyingine. Na kwa jinsi tulivyotendewa, tulikuwa. Kijana wa kutoka kwetu hakupokelewa kwa alama zake pekee. Alihitaji barua ya daktari aliyemwona akifanya kazi, ambaye angemdhamini tabia. Daktari tuliyekuwa naye alikuwa mmoja.

Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, fundi wa kweli wa kazi yake. Nimeona watoto wakiondoka mikononi mwake wakitembea, ilhali wazazi wao walikuwa wameshanunua sanda. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hasira yangu ingekuwa nyepesi kama angekuwa mtu mbaya.

Kwetu mgonjwa hatangulizi shida. Ukimuuliza hali, atajibu ni salama. Utamuuliza watu wake: salama. Mifugo: salama. Mvua: alhamdulillahi. Salamu zikishatimia, ndipo atakapokuambia kwamba mtoto amekufa njiani, au kwamba yeye mwenyewe hawezi kumeza. Anayekutupia msiba kabla ya salamu amekuvunjia heshima. Sehemu kubwa ya ukalimani wangu ilikuwa kusubiri. Daktari hakusubiri. Alikuwa amejifunza maneno machache ya Kisomali, akajivunia kuyatumia, na jibu la kwanza alilolisikia ndilo alilolichukua.

Asubuhi ya siku niliyokusudia kumwomba barua, lori la jeshi lilimleta mchungaji aliyepigwa risasi ya paja kwenye njia ya Liboi, kuelekea mpakani. Askari walisema ni shifta. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa akifuata ngamia waliopotea. Sikuwepo alipopigwa, siwezi kuapa kwa upande wowote. Ninachojua ni kwamba daktari alimwinamia, akamuuliza hali kwa Kisomali chake, na yule mtu, midomo ikiwa imemkauka, akajibu kwa adabu kwamba ni salama.

Daktari akainuka akicheka. "Mmesikia? Mfupa uko nje, naye ni mzima! Kijana, watu wenu hunyonya uongo pamoja na maziwa ya ngamia?"

Askari nao wakacheka.

"Daktari, hajamaliza salamu," nikasema. "Muulize watu wake, muulize mifugo, atakueleza yote."

"Nimuulize habari za mbuzi huku damu inamwagika?"

"Ndiyo. Haichukui muda."

"Wewe ni mkalimani wangu au wakili wake?"

Kisha akaushughulikia mguu ule kwa subira ambayo hakumpa mwenye mguu.

Nilipomwomba barua mchana, hakusita. "Nilikuwa nangoja uniombe," akasema. Akaipiga taipu mwenyewe, akanipa bahasha ikiwa wazi. Nilisoma nikiwa nimesimama uani. Alisifu mikono yangu, kumbukumbu yangu, utulivu wangu mbele ya damu. Kisha: "Tofauti na watu wake, ambao ni wazoefu wa uongo, kijana huyu ni mkweli, na utii wake kwa serikali hauna shaka."

Nikarudi ofisini.

"Daktari, sentensi hii."

"Ipi?" Alijua ni ipi.

"Naomba uiondoe."

Akavua miwani. "Watakaosoma barua hii husoma na magazeti. Wakiona jina lako na neno Garissa, wanaona bunduki. Nimekufungulia mlango."

"Kwa kuwatukana mama zangu?"

"Kwa kukutenga nao."

"Lakini wewe mwenyewe unaamini hivyo?"

"Unataka kwenda Kampala au hutaki?"

"Nataka. Nimeuliza kama unaamini."

"Barua ndiyo hiyo. Siandiki nyingine." Akavaa miwani, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa akiuza maziwa ya mbuzi wachache aliobakiwa nao baada ya wanajeshi kuwachukua wengine. Nilimwita eddo, yaani shangazi, naye akiniita eddo vilevile, kama ilivyo desturi yetu. Jioni, kabla watu hawajaamriwa kuingia ndani, nilimsomea barua kwa Kisomali. Nilipofika kwenye sentensi ile, niliiruka.

"Umemeza kitu, eddo," akasema. "Kitapike."

Nikaisoma. Akapiga makofi kwa kicheko. "Maashallah! Ukoo mzima waongo, halafu sisi waongo tukazaa malaika!"

"Eddo, mimi sichezi."

"Nani anacheza? Peleka hiyo karatasi. Askari wa kizuizi cha barabarani wameniita mbwa, na maziwa nimeuza. Ukishakuwa daktari nani atayakumbuka maneno haya?"

"Mimi."

"Basi kumbukumbu yako ni kubwa kuliko akili yako." Sauti ikampungua. "Nataka uende. Humu hakuna kitu cha kukungojea."

Alisema kweli, na hilo lilinichoma zaidi. Barua ile ilikuwa nzuri. Ingenipeleka. Lakini akilini niliwaona wakubwa wa chuo wakinipokea kama kitu kilichookolewa kutoka kwenye uchafu, wakinitazama mwaka baada ya mwaka kuhakikisha bado niko tofauti. Nilimwona na kijana mwingine wa kwetu, baada yangu, akiambiwa atafute daktari wake wa kumtukania mama yake kwa taipu. Udaktari wangu wote ungesimama juu ya ushahidi kwamba yule mchungaji alikuwa mwongo, nami ningekuwa nimeutia sahihi kwa kuubeba tu. Nilimkasirikia daktari, nikawakasirikia wasomaji nisiowajua, nikamkasirikia hata shangazi kwa kuweza kucheka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta daktari akinawa mikono, foleni ikiwa bado haijaingia. Niliiweka bahasha mezani pake.

"Naomba uichukue," nikasema.

Aliitazama bila kuigusa, maji yakimtiririka viwikoni. "Ukiiacha hapo, mwaka huu huendi popote. Na mwaka ujao sijui."

"Najua, daktari."

Nikaiacha mezani, nikatoka.