Mbuzi Wasiohesabiwa

Huku nyuma ya Kwale, kwenye ukame wa Kinango, mfugaji haulizwi ana mbuzi wangapi. Kutaja idadi ni kuwaitia kifo. Homa ya mapafu ya mbuzi ilipoingia, daktari wa mifugo, mgeni wa bara, aliuliza idadi ili alete chanjo, akaambulia kuangaliwa tu. Ndipo akaitwa Kadzo, binti wa kijiji aliyekuwa fundi wa kompyuta mjini Ukunda.

Kadzo aliandika programu ya simu. Kila mbuzi akipita mlango wa zizi, Kadzo anagusa kioo cha simu, nayo programu inaongeza moja. Zizi likiisha, hesabu yake inajumlishwa na ya mazizi yaliyotangulia, kisha jumla inakwenda kwa daktari. Kwenye kioo haikutokea nambari yoyote, ila neno "tayari". Wazee wakaridhika. Alipita zizi kwa zizi, akamalizia kwa babake, mzee Chirau.

Chanjo zilipofika, zilitosha zizi moja tu, na kwa kukadiria kwa macho, ni kiasi cha zizi la Chirau.

"Kumbe ulikuja kutuzunguka, uwafae wa kwenu," alisema jirani yao Tembo, aliyekuwa amempoteza beberu wake juzi tu.

Kadzo alifungua programu. Palipotakiwa +=, yaani chukua iliyopo uongezee mpya, aliandika = peke yake: futa iliyopo, weka mpya. Kila zizi lilikuwa limelifuta la kabla yake. Angeiona nambari angeshtuka mapema, lakini aliificha kwa kuwaheshimu wazee hawa hawa waliomkodolea macho.

"Nimeacha alama moja, wazee wangu. Niwieni radhi. Itabidi nipite tena mazizi yote."

Chirau akamgeukia daktari.

"Chanjo hizi zina jina langu?"

"La, mzee."

"Basi anzia kwa Tembo. Wangu watangoja zilizobaki zifike."

Tembo aliinamisha kichwa, kisha akaenda kuondoa miti ya mlango wa zizi lake mwenyewe.

"Pita, mwanangu. Lakini usinambie ni wangapi."

Kadzo alianza upya, safari hii alama ikiwa mahali pake. Kwa babake alifika mwisho, kama mwanzo. Mbuzi walipita mmoja mmoja, naye akigusa kioo, na kidole chake kikapumzika mapema kuliko mara ya kwanza. Babake hakuuliza, naye hakusema.