Mchanga Ndani ya Chupa

Tulipokuwa tunamjengea mama nyumba Nyakahura, mzee mwenye trekta alituletea mchanga ulionitia shaka. Mchanga wenye tope hupasua sakafu. Nikautia kidogo kwenye chupa tupu, nikaongeza maji, nikatikisa, tukaiacha itulie huku tunakunywa chai. Chai ilipokwisha, tope lilikuwa limelala juu ya mchanga, unene wa kidole.

"Mzee, hapa umetuletea shamba," nikamwambia.

Akaichungulia chupa, akacheka mpaka akaketi. "Kweli. Hapo hata mihogo ingeota."

Aliurudisha mzigo bila ugomvi, akaleta mwingine wa mtoni. Huo ulitulia safi. Sakafu tukaimwaga wiki hiyohiyo, na mpaka leo haina ufa. Mama huanika maharage juu yake na kuwatambia majirani.