Sidii ya Mama Deo

Kompyuta yangu ikiandika "usizime, inasasishwa", mimi nasikia harufu ya usipa. Najua mtasema nimechanganyikiwa. Lakini kile kiduara kikianza kuzunguka kwenye kioo, na mfumo mpya ukawa unashuka kutoka huko hewani nisikokujua, pua yangu inarudi Ngumbo, kwenye vichanja nyuma ya nyumba yetu, tulikoanika wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa. Inarudi kwenye vidole vya mama.

Mdogo wangu Deo alipigwa picha moja tu maishani mwake. Mgeni wa parokia alikuja na kamera isiyotumia filamu, na sisi watoto tukaona ni utapeli mtupu, maana mpiga picha asiye na filamu anapiga nini? Deo hakujali. Alisimama mbele ya ukuta wa kanisa, kashika kipande cha muhogo, anacheka mpaka pengo la meno ya mbele likaonekana lote. Mgeni akaiacha picha ndani ya kompyuta ya ofisi ya parokia, akaenda zake.

Masika yaliyofuata Deo akapata homa. Baba alimfunga mgongoni kwa kanga, akapanda baiskeli kwenda hospitali. Alirudi kabla ya mchana, anaikokota baiskeli kwa miguu, Deo bado yuko mgongoni. Mama alikuwa anageuza usipa juani. Alipoona baiskeli inakokotwa alikaa chini palepale mchangani.

Basi kila Jumapili baada ya misa mama alinishika mkono tukaenda ofisini kwa Sista Benigna, aliyekuwa akitunza vitabu vya parokia na ile kompyuta. "Tumsifu Yesu Kristu, Sista." "Milele na milele, amina. Karibu, Mama Deo." Sista hakuhitaji kuambiwa tumefuata nini. Aliwasha, mashine ikaguna kama mgonjwa anayeamshwa, na baada ya muda mrefu Deo akatokea, na muhogo wake na pengo lake. Mama alizungumza naye Kinyasa, maneno ya kawaida tu: mbuzi kazaa, bibi yako anakusalimu. Kisha alimgusa shavuni, na kioo kikabaki na alama ya mafuta ya samaki. Sista alinung'unika, "Mama Deo, jamani, hiki kioo!" lakini aliifuta Jumatatu, hakuwahi kuifuta mbele yetu. Kuhusu kuichapa ile picha alisema kila mara, "Wino wa rangi ukiletwa." Wino haukuletwa.

Ikafika wakati kompyuta ikachoka kabisa. Ikawa inazima katikati ya barua. Sista akaambiwa inataka mfumo mpya, ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuiongoza. Alikwenda Songea, akajaribu kuupakua kwenye duka la intaneti, akakaa pale kutwa nzima. Jioni, umebaki kidogo tu, umeme ukakatika na kazi yote ikaenda na maji. "Kupakua tuwaachie wenye simu za waya na umeme usiokatika," alisema. Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, maduka yamejaa kila kitu, hata vitu ambavyo muuzaji mwenyewe hajui vinafanya nini. Akanunua mfumo kwenye sidii, akarudi nayo pamoja na fundi kijana mwenye shati la kung'aa.

Jumapili ile fundi ndiye aliyetupokea, kafurahi kweli. "Karibuni! Sasa mashine ni mpya kabisa!" Ikawaka mara moja, bila kuguna. Kwenye kioo pakatokea kilima cha kijani na mbingu ya buluu. Mama akangoja. Mimi nikangoja. Sista akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kisha mikono yake ikasimama.

"Vitu vya zamani viko wapi?"

"Nimefuta vyote, Sista. Bila kufuta, hiki kisahani hakikubali."

Pale kwenye kilima cha kijani alama ya kidole cha mama ilikuwepo vilevile, maana wiki ile Sista alikuwa Songea na hakuna aliyefuta kioo. Alama ipo, shavu halipo.

"Samahani, mama yangu," Sista alisema, machozi yanamtoka. Mama hakulia. Alimgeukia fundi. "Hicho kisahani ulichoingiza, kimetoka?" Kijana akamwonyesha. "Naomba." Fundi akacheka kidogo, akasema ni mali ya parokia, itahitajika siku mashine ikiharibika tena. Mama akabaki amekaa, mkono ameunyoosha. Sista akaichukua sidii kwa fundi, akaiweka kwenye kiganja cha mama.

Kijijini walimsema sana. Eti kamficha mtoto kwenye sidii, eti kesho atatufuga na sisi humo! Sidii za wenzake zilining'inia shambani kufukuza ndege, yake ilifungwa kwenye kanga na kulala chini ya mto. Mimi niliamini kabisa Deo yumo. Mama akienda kisimani niliiweka sikioni, nikamwita.

Nilipoanza sekondari Mbinga niliiomba, nikaiingiza kwenye kompyuta ya shule. Nikafungua kila kitu. Hamna Deo. Nililia kama siku ya msiba. Likizo nikamwambia mama kwa woga, nikijua namuua Deo mara ya pili.

"Mwanangu," alisema, "kwani mimi mjinga? Najua hayumo. Nguo zake tuligawa tulipoanua matanga. Picha ndiyo hiyo imefutwa. Hicho kisahani ndicho kilichokuja kumtoa, kimepita palepale alipokuwa. Sasa nishike nini kingine?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni uchungu tu unasema. Nimekuja kumwelewa ukubwani, tangu alipotangulia na yeye, na sidii ikawa yangu. Kompyuta niliyonayo haina hata mlango wa kuiingizia. Mfumo mpya unashuka wenyewe, unaondoa unachoondoa, unamaliza, na haukuachii chochote mkononi.

Juzi fundi aliyekuja ofisini kwangu aliiona mezani. "Dada, hii takataka bado unayo? Nikutupie?"

Nikamwambia aiache palepale, ni ya mdogo wangu.