Chomoa Chaja Kwanza

Duka ndiyo kwanza limefunguliwa, sakafu bado mbichi kwa kudekiwa, na tayari kuna zahanati inazunguka juu ya kaunta. Inazunguka ndani ya kioo cha laptop, na paa lake la bluu na veranda yake ndefu. Mwanamke mwenye buti zilizogandwa na saruji ameinamisha kichwa karibu na kibodi, kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Inahema," anasema.

"Ni feni hiyo, dada," muuzaji anajibu. "Umeibebesha jengo zima, unategemea inyamaze?"

Mwanamke huyu huchora ramani za majengo. Waashi walimpachika jina la Milimita tangu siku aliposimamisha kazi yao mchana kutwa akibishania upana wa mlango. Walianza kwa kejeli. Siku hizi hata mume wake humwita hivyo, naye huitika.

Leo amekuja kuchagua laptop yenye nguvu ya kubeba kazi yake. Ramani ya nyumba ya kawaida humpatia kiasi cha mshahara wa mwezi wa fundi mwashi, na laptop ya maana inameza ramani tatu. Akikosea leo, hatakuwa na pa kurudia.

Hana haja ya kusomewa sifa zilizobandikwa kwenye boksi. Ametundika flashi kwenye funguo zake, na ndani yake umo mchoro mzito kuliko yote aliyowahi kuchora. Muuzaji amewazoea wateja wa namna hii. Ameweka programu ya kuchorea ya majaribio katika kila mashine. Milimita anachomeka flashi, anafungua zahanati, anaingia ndani.

Ni zahanati ya akina mama kweli, ingawa kwa sasa kiwanja chake ni majani matupu. Kamati ya ujenzi ina ramani mbili mezani: ya Milimita, na nyingine waliyopewa bure, iliyonakiliwa kutoka jengo la mahali pengine. Katika hiyo ya bure, korido inayokwenda chumba cha kujifungulia inakata kona nyembamba. Kitanda cha magurudumu hakipiti.

"Kwenye karatasi huoni," anaeleza. "Karatasi ni mistari tu. Mpaka uingie na kitanda ndipo utakapokwama."

Ndiyo maana akazichora zote mbili, ili aitembeze kamati ndani ya kioo. Alijaribu kikao kilichopita kwa laptop yake ya zamani. Jengo liligoma mlangoni, kioo kikaganda. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mwanangu, likiamka utuite." Wote wakacheka, naye akacheka nao. Jumamosi hii wanakutana kiwanjani kupitisha ramani moja, na ya bure ndiyo inayopendwa.

"Naweza kuwaambia niaminini," anasema. "Lakini nataka waone wenyewe."

Amesindikizwa na wifi yake, fundi cherehani asiyejua lolote kuhusu kompyuta na asiyejali kutojua.

"Huyu unayemwona," wifi anamwambia muuzaji, "hata chapati anazipima kipenyo. Kaka yangu anakula kwa rula."

Laptop ya kwanza, nyembamba kama daftari, imeshindwa mapema. Kuta zilijitokeza moja moja, kama wageni wanaochelewa harusini. Milimita akauliza kuhusu kadi ya picha, kile kifaa kinachochora jengo linapogeuzwa.

"Haina ya kwake," muuzaji akakiri. "Inaazima nguvu kwa prosesa."

"Mkopaji huyo," akasema wifi. "Rudisha kabatini."

Hii ya pili, inayohema, ina taa nyekundu chini ya vitufe. "Ni laptop au disko?" wifi anauliza. Lakini ina kadi yake, na zahanati inazunguka kama pia. Milimita anatembea koridoni, anageuka, anapanda hadi juu ya paa, anashuka. Hakuna kinachokwama. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu, na mkono wake unaingia kwenye mkoba.

"Jamani, simu yangu inakata roho," wifi anasema. "Niazimeni hiyo soketi." Anachomoa chaja ya laptop.

Zahanati inashtuka. Inasogea, inasimama, inasogea tena kama mzee anayepanda ngazi.

"Wifi! Umefanya nini?"

"Nimechomoa tu! Mniue?"

Muuzaji anakuna kichwa. Zote hupungua nguvu zikichomolewa, anaeleza. Hujibana ili betri isiishe upesi. Zenye mbio sana ndizo hujibana zaidi. Wateja wake wengi hukaa ofisini, hawagundui.

Milimita anatazama soketi, kisha anatazama kioo. Kiwanjani hakuna umeme. Hata nguzo haijafika.

"Nilikuwa najaribu viatu nikiwa nimekaa," anasema taratibu. "Kaka, nioneshe nyingine. Chomoa chaja kwanza."

Ya tatu inatolewa chini ya kaunta. Ni ya mtumba, kijivu, nene, kona moja imechubuka. Wifi anaipima kwa mikono miwili. "Ukimrushia mwizi, kesi imekwisha."

Haikimbii kama ile yenye taa. Lakini inatembea bila chaja, hatua kwa hatua, na haisimami. Milimita anaiacha ikifanya kazi huku wakinywa chai, kisha anagusa tumbo la mashine kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa. Ni moto wa kuvumilika. Anauliza kama ramu, ile kumbukumbu ya mashine, inaweza kuongezwa baadaye. Muuzaji anageuza mashine na kumwonesha nafasi iliyo wazi.

"Hii," anasema Milimita.

"Na asante yangu?" wifi anadai. "Simu yenyewe mpaka sasa haijapata chaji."

Jumamosi jua ni kali kiasi kwamba kioo hakionekani. Wifi amekuja na pande la kitambaa cheusi. Anawafunika wanakamati wote, vichwa vimesongamana, mwenyekiti akilalamika kwamba kuna mtu anamkanyaga.

Milimita anawaingiza kwanza katika ramani ya bure. Anasukuma kitanda koridoni. Kwenye kona, kinakwama.

"Rudi nyuma," anasema mkunga mstaafu, mjumbe mkongwe wa kamati. "Jaribu kwa upande mwingine."

Kinakwama tena. Kisha wanaingia katika ramani ya Milimita, na kitanda kinapita kona, kinapita mlango, kinafika dirishani.

"Leo limeamka," mwenyekiti anasema. Hakuna anayeitaja tena ramani ya bure.

Milimita anapanga kutumia malipo ya kazi hii kununua ramu ya kuongeza. "Nataka kila mwenye kiwanja aingie kwake kabla msingi haujachimbwa," anasema. "Ukuta ulio kwenye kioo hauna gharama kuubomoa."

Wanakamati wengine wameshajitoa nje, lakini mkunga bado yuko chini ya kitambaa.

"Betri ipo, mwanangu?"

"Ipo, bibi."

"Basi nilaze pale kitandani. Nataka kuona anachokiona mama."

Milimita anashusha macho ya mchoro hadi usawa wa mto. Kioo kizima kinakuwa ukuta. Dirisha liko juu mno. Kwa aliyelala, hakuna mti wala mbingu.

Milimita anakaa chini kwenye majani, mashine mapajani, na kuanza kulishusha dirisha.

"Useme bibi likifika."

"Shusha," anasema mkunga. "Shusha kidogo tena."