Nilipunguza bei ya ekzosi mpaka silansie ikabaki dukani, na mke nusura abaki kwao

Dola mia tatu na kumi ndizo zilizonitoka kwa jumla. Pamoja na ng'ombe mmoja ambaye hakuwa kwenye bajeti.

Wakuu, salamu kutoka Kamembe, Rusizi, huku Rwanda inapoishia na Congo inapoanza. Kila wiki namwona mtu humu anauliza aweke snorkel gani, ekzosi ya inchi ngapi, filter ya aina gani kwenye pikapu yake. Nimekuwa nasoma na kunyamaza. Leo nawaeleza yaliyonikuta mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana chumvi nayo inanunuliwa.

Ni zamani kidogo.

Vita vya pili vya Congo vilikuwa vimeisha redioni, mitaani vilikuwa bado vinatafuta pa kuishia. Mimi nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, nikakulia huko. Tukarudi Rwanda na wazazi, nikaanza biashara ya kubeba mizigo.

Nilikuwa na pikapu ya dizeli, haina turbo, umri wake hakuna aliyeujua. Nilishusha sambaza, dagaa wa kisiwa cha Nkombo, kwenda Bugarama, nikapandisha mchele kuja Kamembe.

Kushuka hakukuwa na shida. Kila kitu kinajua kushuka.

Kupanda ndiyo ilikuwa kesi. Kwenye milima ya Nyakarenzo vijana wa baiskeli hujishika nyuma ya magari ili wavutwe. Kwangu hawakujishika. Mmoja alinipita anasukuma baiskeli kwa miguu, akanisalimia kwa heshima zote.

Rafiki yangu Shabani, fundi wa kuchomelea hapa Kamembe, aliniambia, "Papa, gari yako inapanda kama muntu anaenda kulipa kodi."

Sasa, kilichonipa haraka ni kwamba nilikuwa na mchumba. Béatha, wa Gikundamvura, kule chini kupita Bugarama. Siku ya gusaba ilikuwa imeshapangwa.

Kwa wasiojua, gusaba ni siku upande wa mwanaume unakwenda rasmi kuomba binti. Kila upande una msemaji wake. Wasemaji wanachokozana mbele ya watu, na ukiteleza jambo lolote unatozwa faini, tunaita icyiru. Ni mchezo, lakini ni mchezo ambao mtu amewahi kurudi nao bila mke.

Na mama mkwe mtarajiwa hakuwa ameniridhia sana. Alishaniona sokoni nahesabu chenji mara mbili. Mara ya tatu alisema mwenyewe, "Hesabu tena, labda zimezaa."

Kwa hiyo sikutaka wakwe wanione nasukumwa mlimani nikiwa na suti. Nikaamua gari ipumue.

Nikavuka daraja kwenda Bukavu, kwa muuza vipuri tuliyekuwa tunamwita Papa Jolie. Akanitolea mzigo mzima. Snorkel, lile bomba la kuvutia hewa juu ya paa, iliyotoka kwenye gari la wazungu wa misaada, na mpira wake wa kuiunganisha na kisanduku cha filter. Cone filter, ile ya wazi kama koni ya aiskrimu. Na ekzosi ya bomba nene yenye silansie yake.

Hapo ndipo kipaji changu kilipoanza kazi. Nilikuwa na mbinu: usipunguze bei ya mzigo wote, uliza kila kipande kinafanya kazi gani, kisha kikatae.

"Hii silansie inafanya nini?"

"Inapunguza sauti."

"Nguvu inaongeza?"

"Apana, nguvu haiongezi."

"Basi itoe. Na huu mpira?"

"Njo unapeleka hewa ya snorkel kwa filitre."

"Filter nimenunua ya wazi, itajivutia yenyewe. Toa na mpira."

Papa Jolie aliuweka mpira kando. "Weye ukienda kununua mbuzi, unaombaka bakutolee mapafu juu bei ishuke?"

Nilicheka. Bei ilishuka. Nikatoka pale najiona nimemwibia.

Nje ya mada kidogo: bomba nililifunga turubai nikaliweka begani, nikavuka nalo daraja kwa miguu. Miaka ile. Bomba nene, refu, limefunikwa, begani. Askari wa upande wetu aliniomba kwa sauti ya upole sana niliweke chini polepole na nirudi nyuma. Alipochungulia ndani akaona upande wa pili kuna mwanga, akanirudishia, lakini kicheko chake nilikisikia mpaka nilipopanda teksi-moto. Mtu mwenye akili angesoma ishara. Mimi nilikuwa nahesabu nilichookoa.

Shabani akafunga kila kitu.

Hapa wataalamu wa humu najua mmeshashika kichwa. Ndiyo. Snorkel inahitaji kisanduku kilichofungwa vizuri, na mimi kisanduku nilikitoa ili cone ikae. Kwa hiyo snorkel ilipigwa skrubu ubavuni, mwisho wake ukabaki unaning'inia ndani bila kushikana na kitu. Haikuwa inavuta hewa. Ilikuwa inavuta sifa tu. Cone nayo ikakaa pembeni ya injini, inapumua joto la injini yenyewe na vumbi lote la barabara.

Lakini bomba, wakuu. Bomba!

Shabani alipowasha mara ya kwanza, mtaa mzima ulitoka. Mafundi cherehani walisimama mlangoni. Shabani alirusha mikono juu kama timu yake imefunga. "Eee! Sasa hii njo gari!"

Nami nikakubali. Nguvu ziliongezeka sana, hasa masikioni.

Nisiwe mwongo, mlima ilipanda vizuri zaidi. Nikaja kuelewa baadaye kwa nini. Bomba la zamani lilikuwa limeziba masizi, limebaki tundu la kupitisha kidole. Ningelisafisha tu, nikabadilisha filter ya karatasi iliyojaa pumba za mchele, ningepata nguvu ileile. Lakini nani atakaa kijiweni asimulie kwamba amesafisha bomba?

Siku ya gusaba ikafika.

Baba mdogo, msemaji wetu, kakaa mbele nami, ana fimbo na maneno yake tayari. Nyuma vijana wa kwetu, makreti ya soda, na madumu ya pombe ya ndizi. Tukashuka. Dizeli isiyo na silansie ukiiachia gesi kwenye mteremko inanguruma na kupasuapasua, na vilima vinakurudishia. Baba mdogo alikuwa anaongea, nilikuwa naona midomo tu.

Nilijisikia waziri.

Tukaingia uani kwa wakwe. Nikazima.

Hakukuwa na mtu.

Hema lipo. Viti vimepangwa pande mbili, yetu na yao. Sufuria ziko motoni, moja imeanza kuungua. Kiatu kimoja cha kike chenye kisigino kiko katikati ya uwanja. Kuku ndio waliotupokea.

Chini ya hema alibaki mzee mmoja tu, babu yake Béatha, ana chupa ya soda mkononi.

Baba mdogo akamsalimia, akauliza, "Mzee, batu bako wapi?"

"Balikimbia."

"Balikimbia nini?"

Mzee akaielekeza chupa kwenye pikapu yangu. "Mimi nikasema nimechoka kukimbia. Kama ni kufa, nitakufa nimemaliza yangu." Akanywa.

Wakuu, hapa sitanii. Familia ya Béatha kabla ya kurudi Rwanda iliishi ng'ambo, kwenye bonde la Rusizi. Miaka ya vita, watu wenye silaha walikuwa wanakuja na pikapu zilizokatwa silansie. Watu hawakungoja kuona ni nani. Sauti ile ilikuwa na maana moja: acha sufuria, shika mtoto, ingia shambani.

Na mimi niliijua sauti ile. Bukavu ilishatulaza chini ya kitanda, ndugu zangu wote na jirani mmoja. Nilikuwa nimesahau kwa sababu sasa nilikuwa nyuma ya usukani. Ukiwa nyuma ya usukani, sauti ni yako.

Walianza kurudi mmojammoja kutoka kwenye migomba. Kwanza vijana, wanajifanya walikwenda kutafuta kuni. Halafu msemaji wa upande wao, mtu mnene mwenye vazi la heshima, amejaa majani kichwani. Watu walimwona, kicheko kikaanza. Kila aliyetokea na matope kicheko kiliongezeka. Béatha alikuja peku, akaokota kiatu chake katikati ya uwanja bila kunitazama.

Nikadhani tumepona.

Kisha akaja mama yake. Wa mwisho kabisa. Mshanana wake mpya, vazi la sherehe, una matope mpaka magotini, na mkononi kamshika mtoto wa jirani ambaye alimbeba akidhani ni wake. Mkono wake wa pili ulikuwa umekunja nguo kifuani, hauiachii.

Kicheko kikakatika.

Akaja mpaka mbele yangu. Hakupiga kelele. "Papa, hii njo utabebea mutoto yangu?"

Nikarudisha funguo za gari mfukoni.

"Nilikimbia naye hii sauti akiwa mugongoni. Sitamupandisha ndani yake na mikono yangu."

Akaingia ndani.

Wasemaji wawili wakaketi. Hapakuwa na mashairi tena, hapakuwa na uchokozi. Msemaji wao alijitoa jani moja sikioni, akasema, "Mulikuja na kelele. Mutarudi siku ingine na kimya. Kama muntu wa hapa uani atasikia gari mbele ya kuiona, basi, hamuna muke hapa. Na ng'ombe moja juu, ya icyiru."

Nisameheni wakuu, kazi ni mazoea. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ng'ombe, au tuseme ndama mkubwa..."

Baba mdogo alinikanyaga mguu kwa kisigino. Wakati huohuo dada yake Béatha akatokea mlangoni, ametumwa, anajizuia kucheka. "Béatha anasema ukipunguza hata mukia ya ile ng'ombe, ubakie na gari yako, muoane."

Nikafunga mdomo. Tukaisukuma pikapu mpaka barabarani tukiwa na suti, ili isiwake uani kwao. Kile nilichokuwa nakikimbia kilinipata hukohuko.

Kesho yake nikavuka kwa Papa Jolie. Alikuwa ameshasikia, Bukavu inasikia kila kitu. Silansie ilikuwa palepale rafuni, ameifuta vumbi. Niliikataa ili kuokoa dola arobaini. Akataja themanini, akajiweka sawa kwenye kiti kungoja vita.

Nikatoa themanini.

Aliogopa, wakuu. Alidhani ni noti bandia. Alizishika moja moja juani, akazikunja, akazinusa. "Uko mugonjwa?"

Mpira wa snorkel alinipa bure. Nadhani ilikuwa huruma.

Shabani akachomelea silansie kwa masikitiko, kama anazika jamaa. Tukarudisha kisanduku cha zamani na filter mpya ya karatasi, tukaunga snorkel, cone akapewa jirani mwenye pikipiki ambaye mpaka leo hajaniambia aliipeleka wapi. Gari ikawa inanong'ona. Na mlima inapanda vilevile.

Siku waliyotupangia tulirudi Gikundamvura mchana. Nilishuka taratibu mpaka migomba ya mwisho. Nilipokata kona nikamwona mama mkwe amesimama peke yake kando ya barabara, mbele ya wote, ametega sikio upande wa mlimani. Alikuwa anasikiliza. Nilikuwa nimeshafika karibu yake, bado anaangalia mbali.

Alipogeuka akatuona, alishtuka kidogo, kisha akashusha pumzi. Akaja, akaweka kiganja juu ya boneti ya moto, akakiacha pale.

"Njo hivi," akasema. Akafungua mlango, akapanda, nikamfikisha uani kwake.

Ng'ombe niliwapa. Mzima, na mkia wake.

Nilichojifunza. Dizeli isiyo na turbo ikikosa nguvu, anza na usafi: filter, bomba, masizi. Snorkel bila kisanduku kilichoziba ni pambo. Na kabla hujaambiwa ekzosi fulani ina sauti tamu, uliza tamu kwa nani, na huyo mtu amepitia wapi.

Sasa naombeni ushauri, kwa moyo wote.

Béatha na mimi tuna pikapu nyingine leo, ya dizeli yenye turbo, kazi yetu ni ileile ya mchele. Inahitaji kutoa moshi kwa uhuru zaidi, na mafundi wote wa mjini wananiambia nikate silansie. Mama mkwe amezeeka, anaishi na sisi, na dirisha la chumba chake linatazama pale ninapoegesha. Anasema siku hizi haogopi kitu. Mimi naona mkono wake unavyokunja nguo kifuani malori yanapopita.

Mwenye ekzosi inayofungua njia bila kuongeza sauti anisaidie. Usinitumie picha. Iwashe, mwache mtu akanyage gesi, wewe nenda ukasimame mbali kidogo, pale mtu anapopikia, urekodi hapo uniwekee chini ya uzi huu.

Bei taja unayotaka.